Mfungo wa Mahrita

Nyumba ya Bibi Saniah kule Kelayan, mtaa wa mtoni, imesimama juu ya nguzo, miguu yake majini, na mchana mlango wake haufungwi. Anayepita na mashua hupaza salamu, anayepita kwa miguu juu ya ubao huingia, na akishaingia hatoki na njaa. Binti yake, Rusnah, alipanga meza barazani za kuuzia supu ya kuku, lakini kusema kweli waliokuja kukaa walikuwa wengi kuliko waliokuja kununua. Rusnah hakujali. Alizaliwa kwenye kelele, na kwake yeye nyumba iliyo kimya ni nyumba yenye msiba.

Asubuhi ile bibi alikuwa amepika wali wa kunata, juu yake nazi ya kukuna iliyopikwa na sukari guru. Mjukuu wake, Mahrita, mtoto wa miaka saba, akatoka chumbani mkoba begani na kiatu kimoja mkononi.

"Onja kwanza," bibi akasema, sahani ameshaishika.

"Nimechelewa, Bibi."

"Punje moja tu. Au gusa."

"Nikirudi."

Mtoto akaruka ubao, akapotea. Bibi akabaki na sahani yake mlangoni, uso umemshuka.

Maana kwao Wabanjari mtu akikaribishwa chakula haondoki hivi hivi. Kama ana haraka atatia punje mdomoni, au atagusa chakula kwa ncha ya kidole na kujipaka shingoni, kisha aende zake salama. Asipofanya hivyo ameondoka na kapuhunan mgongoni, na kapuhunan haisahau mtu: nyoka atamngoja njiani, breki zitakatika, ubao utavunjika chini ya miguu yake. Rusnah mwenyewe aligusa sahani za watu kutwa nzima, na mkono ulikuwa umezoea hata haumuulizi tena.

Supu ilikuwa haijafika nusu ya sufuria simu ilipolia. Ni mwalimu.

"Mama Mahrita, njoo. Kalamu imemwanguka na anaiangalia tu chini. Na mdomo wake umekwenda upande."

Rusnah aliwahi kumwona marehemu baba yake akienda hivyo hivyo, mdomo upande, mkono umelegea kama kitambaa kilicholowa. Lakini baba alikuwa mzee wa kuvuta sigara za karafuu tangu utoto. Akazima jiko, akawasha pikipiki. Jirani yake Imah, aliyekuwa barazani na glasi yake ya chai, alipanda nyuma bila kualikwa. Imah hakuwahi kukosa safari ya mtu.

Walimkuta mtoto kwenye benchi la ofisi, mkono wa kulia umelala mapajani kana kwamba si wake. Walimweka katikati yao kwenye pikipiki, Imah akimkumbatia kutoka nyuma.

"Tupite nyumbani kwanza," Imah akamwambia sikioni. "Asubuhi alikimbia wali wa bibi yake, niliona kwa macho yangu. Aonje kwanza, ndipo twende."

"Imah, shika mtoto. Na funga mdomo, utameza wadudu."

Hakupita nyumbani. Alivuka daraja moja kwa moja hadi hospitali kubwa, akaegesha pikipiki mlangoni pa chumba cha dharura mahali pa gari la wagonjwa, mlinzi akamfokea, naye akamwachia ufunguo.

Kule ndani kila kitu kilikwenda upesi, na bado Rusnah alihisi kinakwenda polepole. Walimlaza mtoto, wakamtia oksijeni, wakamtoboa kidole kupima sukari, wakamchoma sindano ya dripu mkono usio mgonjwa. Muuguzi, mwanamume mnene kidogo aliyeitwa Baihaqi, mtu wa Kandangan kwa lafudhi yake, alimwinua mtoto mikono yote miwili. Wa kushoto ukabaki juu. Wa kulia ukaanguka.

Daktari alikuwa mwanamke kutoka Jawa, Daktari Wening, mwenye sauti ya chini hata ukalazimika kuinama kumsikia. Aliuliza mtoto alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi, kama aliangukia kichwa, kama ana ugonjwa wa moyo, kama alitikisika degedege. Kisha akauliza, "Miezi ya karibuni aliugua nini?"

"Mafua," Rusnah akasema. "Kikohozi. Kama watoto wote."

Daktari alikuwa anamtazama mtoto usoni. Akaweka kidole kwenye kishimo kidogo juu ya nyusi, kingine karibu na sikio. "Na hivi?"

"Hiyo tetekuwanga, Daktari, lakini ile ilishapona. Kabla ya Ramadhani huko. Mtaa mzima uliugua. Sisi tuliwalaza watoto wote pamoja kwa Imah, waambukizane mara moja yaishe."

"Kweli," Imah akadakia kutoka mlangoni. "Kwangu kulikuwa kama kambi ya wakimbizi."

"Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta," daktari akasema. Hakuonekana kufurahi kuipata.

Walimpeleka kupigwa picha ya kichwa, halafu picha nyingine kwenye mashine iliyogonga kama mafundi wa bati. Aliporudi, Daktari Wening alikaa kando ya Rusnah kwenye viti vya plastiki, akamweleza. Hakuna damu iliyovuja kichwani. Ila mshipa mmoja upande wa kushoto umevimba kuta zake kwa ndani, umebaki na njia nyembamba kama uzi. Vijidudu vya tetekuwanga haviondoki upele ukikauka; hujificha kwenye mishipa ya fahamu, na kwa watoto wachache sana, miezi baadaye, hutambaa hadi kwenye mshipa wa damu wa ubongo.

"Ni kama mfereji wetu," Rusnah akasema polepole. "Magugu maji yakijaa, mashua hazipiti."

"Ndivyo."

"Si kuna ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda? Baba yangu walisema angewahi wangempa."

"Kwa mzee, ndiyo. Kwa mtoto, na mshipa wenyewe ndio mgonjwa, sithubutu. Tutampa dawa ya kuua virusi, tutampa ya kushusha uvimbe, na aspirini ya kulainisha damu ipite. Alale bila mto, homa isipande, sukari isishuke. Kuna sehemu ya ubongo wake imekwisha kufa, Mama, sikufichi. Lakini kuna nyingine kubwa zaidi iliyo kando yake, hiyo bado haijaamua. Siku hizi za kwanza tunaibembeleza hiyo."

Rusnah aliitikia kwa kichwa. Neno kubembeleza alilielewa.

"Na hili ndilo lako wewe," daktari akaendelea. "Koo lake upande mmoja limelala. Akimeza sasa, kitu kinaweza kwenda mapafuni badala ya tumboni. Apate nimonia, homa ipande, na ile sehemu ambayo haijaamua itaamua vibaya. Kwa hiyo mdomoni hakiingii kitu mpaka mimi mwenyewe nimpime kumeza. Si chakula, si maji, si kitu cha kulambia. Chakula na dawa vitapita kwenye mrija puani."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Walipompandisha wodini, Baihaqi alining'iniza kibao kwenye chuma cha kitanda, kimeandikwa AMEFUNGA. Rusnah akakaa kando yake kwenye kiti, na tangu hapo kazi yake hapa duniani ikawa mdomo mmoja mdogo uliopinda.

Kesho yake, saa za kutazama wagonjwa zilipofunguliwa, Kelayan yote ikaja.

Walikuja kama watu wa harusi. Sheria ya wodi ilikuwa wawili wawili, na kweli waliingia wawili wawili, ila waliotangulia hawakutoka. Waliketi kwenye mkeka, kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwenye ukingo wa kitanda cha jirani ambaye naye baada ya dakika chache alishakuwa ndugu yao. Na kila mmoja alikuja na kitu cha kula: keki za tabaka, ndizi za kukaanga, samaki wa kuchoma aliyenukisha wodi nzima.

"Amefunga?" mzee mmoja akasoma kibao. "Mtoto huyu anafunga mwezi gani huu?"

"Analipa siku zako ulizokula Ramadhani," Imah akamjibu, watu wakacheka.

Siku nyingine Rusnah angecheka kuliko wote. Leo macho yake yalikuwa yanafuata mikono. Mkono ukikaribia kitanda na kipande cha ndizi, anaushika kifundo. Mwingine ukijia upande wa pili na kijiko, anainuka. "Asante, mama mkubwa, hali. Asante, kaka, hata kidogo. Hapana, wala juisi." Alikuwa hajalala usiku kucha, na maneno yale yale yalimtoka kama ya mtu anayeuza tiketi.

"Lakini amekonda," mmoja akasema.

"Amekonda tangu jana, shangazi?"

"Mimi nasema tu ninavyoona."

Mahrita mwenyewe alikuwa macho, mrija umebandikwa puani, anayafuata mabakuli kwa macho kila yanapopita.

Imah alimvuta Rusnah dirishani. "Nikuambie kitu ambacho wote hawa wanakisema na hakuna anayekuambia. Dawa anazotiwa zinapigana na nini? Mtoto ana kapuhunan. Wali uko pale pale, haujaonjwa."

"Anakula, Imah. Si unaona mrija?"

"Mrija ni bomba. Kapuhunan haitoki kwa bomba."

"Basi tutamgusisha, kama watu wote."

"Kugusa ni kwa mwenye haraka zake," Imah akasema kwa uhakika wa mtu anayesoma mahali. "Aliyekwisha kupatwa hagusi. Lazima kipite ulimini. Muulize yeyote."

Rusnah hakumuuliza yeyote. Lakini neno lilikaa.

Mama yake alikuja mwisho, peke yake, na kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Alikuwa amepika upya wali ule ule, na sukari ile ile. Watu wakampisha. Hakusalimia, na hilo pekee lilikuwa habari. Alizunguka kitanda hadi upande wa mkono uliolala, akaweka jani juu ya kabati, akalifungua.

"Rus," akasema, "hebu nipe huo—"

"Mama, usianze."

"Sijaanza kitu. Nataka nimshi—"

"Umeanza jana asubuhi." Sauti ya Rusnah ilikuwa imechoka hata haikupanda, ilitoka tu, kama maji kwenye mtungi uliopinduka. "Mtoto anakimbilia shule, wewe unamfukuza na sahani. Tangu jana naambiwa ni wali, ni wali, nyumba nzima ni wali. Daktari amesema kikiingia kitu humo mdomoni, mtoto anakwenda. Unataka umalizie? Haya, mlishe hapa, mbele ya watu wote, wawe mashahidi."

 Hata mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kutafuna.

Bibi Saniah alikuwa ameinua mkono, akaushusha. Akalikunja jani taratibu, kona kwa kona, akaliacha pale pale kabatini. "Haya," akasema. Akavaa ndala zake na kutoka. Baada yake wengine nao wakakumbuka kwamba wana sufuria motoni.

Alasiri wodi ilikuwa joto na kimya, feni inazunguka kama inayosukumwa na mzee. Kwa mumewe, Syahrani, aliye kwenye tagi ivutayo matishali ya makaa ya mawe huko mdomoni mwa mto, simu ilikuwa bado haipatikani. Rusnah alisinzia, akashtuka, akasinzia. Aliposhtuka mara ya mwisho mtoto alikuwa anamtazama.

"Ma," Mahrita akasema. Ulimi ulikuwa mzito, herufi zinateleza. "Njaa."

"Najua, mwanangu."

Mkono wa kushoto ukainuka, pamoja na dripu yake, ukaelekeza kabatini. "Wa bibi."

Kisha akalia. Alilia nusu ya uso, nusu nyingine ikabaki imetulia, na hilo Rusnah hakuliweza. Mikono ya mtaa mzima alikuwa ameizuia. Ule uliobaki ulikuwa wake, na ndio ambao hapakuwa na mtu wa kuushika kifundo. Kipite ulimini, Imah alisema. Si kula. Kupita tu. Akatazama: Baihaqi yuko mwisho wa wodi, amewapa mgongo. Akalifungua jani. Hakuchukua wali, aliapa baadaye kwamba wali hakuuchukua. Alichovya ncha ya kidole kwenye nazi yenye sukari, akakipitisha kati ya midomo ya mwanawe.

Mtoto alikinyonya kidole kama kichanga cha siku moja. Hakikutokea kitu. Rusnah akaanza kuvuta pumzi.

Ndipo Mahrita alipopaliwa. Kikohozi hakikuwa na sauti, kilikuwa mdomo wazi tu na macho yaliyotoka, na midomo ikaanza kuwa rangi ya zambarau. Rusnah hakumbuki aliita nini. Baihaqi alifika mbio, unene wake wote, akamgeuza mtoto ubavu, akashusha kichwa, akaingiza mrija wa mashine ya kunyonya. Mashine ikakoroma. Ukatoka ute, na chembe za kahawia za nazi, ndogo kama tongo la jicho. Rangi ya mtoto ikarudi polepole, kuanzia masikioni.

"Umempa nini?" Baihaqi akauliza.

Jani lilikuwa wazi kabatini. Angeweza kusema lolote. "Nazi," akasema. "Kidoleni. Ni mimi."

Muuguzi alimtazama, kisha akatazama kibao chake, kisha akaketi kitandani kidogo, kwa kuwa naye alikuwa kazini tangu alfajiri. Hakufoka. "Basi tuombe nyingi imetoka," akasema. "Namwita daktari."

Hazikutoka zote. Jioni mwili ulikuwa moto. Picha ya kifua ilionyesha wingu dogo upande wa kulia. Daktari Wening alimsikiliza Rusnah hadi mwisho, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Afadhali umesema. Ungeficha, tungekuwa tunabahatisha." Akaongeza dawa ya mapafu, oksijeni ikapandishwa, dawa ya homa ikapitishwa kwenye mrija. Rusnah alipewa beseni na kitambaa. Akapangusa kwapa, shingo, nyayo, akaanza tena kwapani. Kila mara aliinua mkono wa kulia wa mwanawe, ukimlemea mkononi kama unga uliokandwa, akijiuliza kama ile sehemu isiyoamua sasa imeshaamua.

Kesho yake mchana alitoka kumwaga maji, na kwenye veranda akasikia watu wake kabla hawajamwona. Imah ndiye aliyeshika zamu.

"Mzee kamlisha," alikuwa anasema. "Mliona alivyoacha lile jani makusudi. Amengoja binti asinzie, akarudi kinyemela. Kumpenda anampenda, sikatai."

"Masikini Saniah," mtu akasema. "Ndiyo maana kajifungia ndani. Mlango ameufunga mchana kweupe."

Rusnah alisimama na beseni lake. Ilikuwa rahisi kurudi ndani. Habari ilishapata mwenyewe, na ikishampata haihami kwa urahisi. Lakini moyoni aliuona ule mlango umefungwa.

"Mama hakumlisha," akasema. Wakageuka wote. "Hakurudi. Nimemlisha mimi, kwa kidole hiki. Nendeni mkaseme hivyo, mseme vizuri kama mnavyosema mengine."

 Imah aliangalia ndala zake. "Rus," akaanza, "mimi nilisema tu kama—"

"Ulisema tu. Nami nikafanya. Kaa, Imah, hakuna anayekufukuza. Ila mmoja wenu akanigongee ule mlango."

Ni Imah aliyekwenda.

Bibi Saniah alikuja asubuhi iliyofuata, na shati safi la mtoto, kitambaa chepesi, na wali. Usiku homa ilikuwa imeanza kushuka. Mtoto alikuwa na joto la kawaida na analalamika mrija unawasha. Mama na binti walikaa kila mmoja upande wake wa kitanda. 

"Nilifikiri unataka kumlisha," Rusnah akasema mwishowe.

"Nilisema nipe huo mkono. Mkono, Rusnah. Tangu ulipojifunza kusema hujawahi kuniacha nimalize sentensi."

"Imah alisema kugusa hakutoshi kwa mgonjwa. Lazima kipite ulimini."

"Imah." Bibi alilitamka jina hilo kama anayetoa mwiba wa samaki. "Imah kwao Amuntai. Wao wanajua kufuga bata tu. Nani amewahi kumtia wali mdomoni mtu asiyejiweza? Baba yako alipoanguka nilimlisha nini? Nilimgusisha. Unafikiri mkono uliwekwa wa nini?"

Rusnah alicheka bila sauti, na katikati ya kicheko akaweka paji la uso kwenye godoro. Mama yake akamwacha hivyo. Akafungua jani, akauchukua mkono wa kulia wa Mahrita, ule usiokwenda popote, akachovya ncha ya kidole cha shahada kwenye wali, akaipeleka shingoni mwa mtoto, chini kidogo ya plasta ya mrija. Akagusa. Akapangusa vidole kwa kitambaa, kila kimoja, hata ambavyo havikugusa kitu, akaurudisha mkono shukani. Haukushika, haukutikisika. Ulikuwa mkono tu.

"Basi," akasema. "Hilo limekwisha. Yaliyobaki ni ya daktari."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama bibi, akatazama jani, akamtazama Baihaqi.

"Hakijaingia mdomoni, Daktari," Baihaqi akasema. "Nimesimama hapa muda wote. Kwetu pia tunafanya."

Daktari Wening akakaribia kitanda. Akamkalisha mtoto wima, mito mgongoni, akaomba kikombe cha maji na kijiko kidogo. Kwenye kioo cha mlango nyuso za Kelayan zilikuwa zimepangana kama mabuyu, Imah mbele. Daktari aliweka vidole viwili kwenye koo la mtoto, pale pale ulipogusa wali, akatia nusu ya kijiko mdomoni upande wa kushoto.

 Koo lilipanda chini ya vidole, likasita, likashuka. Daktari akangoja. Hakukohoa.

"Sema jina lako."

"'Ahrita."

Sauti ilikuwa nzito, lakini kavu, haina maji ndani yake. Akapewa tena, na tena. Mara ya mwisho mtoto alimtazama daktari kwa nusu ya uso iliyokuwa inaweza kukunjamana.

"Maji tu?" akauliza.

Kioo cha mlango kikapata ukungu kwa watu kucheka.

"Leo uji mzito, kijiko kwa kijiko, na muuguzi awepo," daktari akasema. "Kesho tunapima tena." Kisha akamgeukia Rusnah na kumpa mengine: mkono na mguu vitataka mazoezi, si ya wiki, ya miezi mingi, aspirini ataendelea nayo nyumbani, mkono unaweza usirudi wote. Rusnah aliitikia kila kitu. Atakuja kukielewa baadaye, akishalala.

Baihaqi akageuza kile kibao, maandishi yakaelekea ukutani.

Waliingia wote, si wawili wawili, na leo muuguzi alijifanya anahesabu vidonge. Mtu akatandika mkeka sakafuni, mtu akapokea simu ya Rusnah iliyokuwa inalia, ikawa ni Syahrani, wakaanza kumweleza wote kwa pamoja hata asiambulie kitu. Bibi Saniah alikata wali wake vipande, ukazunguka. Ulipomfikia Rusnah, aliyekuwa ameshajilaza mkekani katikati ya miguu ya watu, alifumbua jicho moja.

"Kula," mama yake akasema.

Kutafuna kulimshinda hata kukufikiria. Aliinua mkono, akagusa wali kwa ncha ya kidole, akajigusa shingoni. Imah alikuwa tayari anaeleza jinsi yeye mwenyewe alivyomshika mtoto kwenye pikipiki kwa mikono miwili na daraja lilivyokuwa limejaa magari, na Rusnah akalala katikati ya sentensi.